Sura ya Mayala wa Bundala

Mwaka tisini na tano, mjini Bariadi, mtu aliyejenga nyumba ya bati hakuhesabiwa kuwa amemaliza mpaka sebuleni kwake iwepo picha iliyochorwa na fundi Tajudin. Enzi za ruksa zilikuwa zimeshakolea. Pamba, ambayo miaka yote ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, sasa iligombaniwa na wanunuzi binafsi waliokuja na malori yao na mizani yao. Maduka yaliota kando ya barabara, kaseti zikalia tangu alfajiri, na watu ambao baba zao walilala juu ya ngozi ya ng'ombe wakaanza kununua makochi. Sasa kochi bila picha ukutani litakuwa kochi gani? Ndipo kila mtu akakumbuka njia ya kwenda kwa Tajudin.

Tajudin alizaliwa palepale mjini, mtoto wa muuza nguo aliyetoka Tabora zamani za Mwingereza. Alianza kwa kuandika majina ya maduka, lakini sura ndizo zilizompa jina. Mtu alikaa kwenye kigoda chake nusu siku, na akiondoka alikuwa amejiacha pale kwenye hadibodi, yeye na kiburi chake na wasiwasi wake. Marehemu ndio walikuwa utaalamu wake hasa. Ulimpelekea picha ya kitambulisho, ndogo, imefifia, kona moja imeliwa na mende, akakuuliza maswali mawili matatu, na baada ya wiki mbili baba yako alikuwa ukutani amevaa shati jipya, anawatazama mnavyokula. Watu walimfuata kutoka Maswa na Shinyanga, na wengine kutoka Mwanza, ambako mafundi wamejaa.

Alikuwa na maringo, hilo lazima lisemwe. Ukimwomba akuchoree mlima au ziwa la kupamba ukuta alikutazama kama umemtukana. Mti, alisema, hauna jamaa wa kuja kulalamika kwamba haukufanana, kwa hiyo kuchora miti ni kazi ya wavivu. Katika maisha yake yote alichora mandhari mara moja tu, kwa penseli, nyuma ya kalenda kuukuu, na aliichora kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyeitwa Domitila.

Domitila alikuwa mama yake Milembe, na Milembe aliuza mitumba sokoni, mkabala na kibanda cha Tajudin. Milembe alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika, hodari wa kukata belo la makoti na kulimaliza kabla ya saa sita. Mumewe, Mwandu, aliendesha lori la mnunuzi mmoja wa pamba. Walikuwa wamemchukua mama kijijini kukaa naye mjini, kwa kuwa mtoto mwingine aliyebaki, Shija, alihama na ng'ombe zake kwenda Usangu miaka mingi iliyopita, na habari zake zilifika kama mvua za Simiyu, mwaka huu ndiyo, mwaka ule hapana.

Mwanamke huyo alikuwa amechuma pamba tangu hajafikia kimo cha mpamba. Alibatizwa misheni, akaolewa na mtu asiyebatizwa, akazaa watano, akazika watatu. Jina lake lilijulikana kijijini kwa jambo moja. Mwaka sabini na nne, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipoambiwa waache miji yao ya zamani wahamie kijiji kipya, wote walihama, wengine wakilia, wengine wakitukana. Domitila alikaa mlangoni akakataa. Vijana wa operesheni waliezua paa juu ya kichwa chake, naye amekaa. Ilibidi wambebe na kigoda chake mpaka kwenye trekta. Hadithi hiyo watoto wake waliisimulia wakicheka: mayu, mama yao, na kichwa chake kigumu. Mwenyewe hakuwahi kuieleza wala kuikanusha.

Mwezi wa sita mwaka ule macho yalianza kumsaliti. Hospitalini daktari alimulika, akamulika tena, kisha akamvuta Milembe pembeni. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda, na la kulia lilikuwa njiani. Matone yangelichelewesha tu.

"Mpaka lini?" Milembe aliuliza.

"Mpaka mvua za vuli," daktari alisema. "Mungu akipenda, kidogo zaidi."

Domitila aliambiwa ukweli, maana hakuwa mtu wa kudanganywa. Hakulia. Alirudi nyumbani akaendelea kuchambua mlenda. Wiki moja baadaye walikwenda kwa jirani yao Scola, kwenye kumbukumbu ya mumewe, marehemu Mayige, na Mayige alikuwa ukutani, kazi ya Tajudin, ana kofia yake na kile kitabasamu cha mtu anayekudai mbuzi. Domitila alisimama mbele yake mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Njiani, walipofika kwenye mtaro wa soko, aliuliza.

"Huyo fundi anaweza kumtengeneza na baba yako?"

"Baba hakupigwa picha hata moja, mayu."

"Sikuulizi kama alipigwa picha. Nakuuliza kama anaweza." Kisha, kwa sauti ya chini: "Nataka nimwone kabla giza hili halijanifunga."

Milembe hakuhitaji kuombwa mara mbili. Baba yake, Mayala wa Bundala, alifariki mwaka wa sabini, yeye akiwa na miaka minne. Alikwenda na ng'ombe kutafuta maji upande wa ziwa, akashikwa na homa huko Kalemela, akazikwa hukohuko. Milembe hakukumbuka lolote juu yake isipokuwa harufu ya tumbaku na kitu kirefu kilichoinama mlangoni. Miaka yote aliwaonea wivu watu wenye baba wa ukutani. Sasa, kwa kisingizio cha mama, naye angempata wa kwake.

Tajudin aliposikia kwamba hakuna picha hakutishika. "Wapo waliomjua?" aliuliza. "Basi nitamtoa vinywani mwao." Akaja nyumbani Jumamosi na rundo la kalenda za zamani, ambazo nyuma yake ni nyeupe, penseli tatu na kipande cha raba. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi siku zote: kwanza penseli, mpaka jamaa waseme ndiye, na baada ya hapo tu ndipo alifungua makopo ya rangi.

Milembe alikuwa amemwita baba yake mdogo, mzee Maganga, ndugu wa Mayala kwa mama mwingine. Alikuja kwa baiskeli tangu asubuhi, amevaa koti la heshima ambalo Milembe mwenyewe alimpa kutoka kwenye belo. Walisalimiana, mwangaluka kwa mwangaluka, akapewa kiti.

"Mzee Maganga," Tajudin alianza, penseli mkononi, "uso wake ulikuwaje? Mrefu, au wa duara?"

Maganga alifikiri sana. "Ulikuwa uso wa mtu mwenye ng'ombe."

"Na pua?"

"Pua alikuwa nayo."

"Ya namna gani, mzee wangu?"

"Ya kupumulia, fundi. Sasa lile dume lake jekundu, hilo nitakueleza mpaka kope." Na akaeleza. Pembe la kushoto liliinamia jicho, sikio la kulia lilichanwa alama ya ukoo, paji lilikuwa jeupe, weupe wenyewe umeteremka hadi puani kama uji uliomwagika. Alieleza nundu na kidari. Alieleza namna dume lilivyosimama likiwa na kiu, na namna lilivyosimama likiwa na hasira. Tajudin alikuja kushtuka amejaza karatasi nzima ng'ombe. Maganga aliutazama mchoro ule, machozi yakamlengalenga.

"Ndilo," alisema. "Ndilo kabisa."

Milembe alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Waliitwa wazee wengine wawili waliokuwa majirani wa zamani. Mmoja alisema Mayala alikuwa na masikio makubwa, mwingine akaapa yalikuwa madogo, wakabishana mpaka ugali ukapoa. Kwa vipande hivyohivyo, na kwa kuutazama sana uso wa Milembe mwenyewe, Tajudin alitoa sura ya kwanza. Ilikuwa sura nzuri, ya mtu mwembamba mwenye macho ya kufikiri. Domitila aliisogeza kwenye jicho lake zima, akaizungusha kwenye mwanga.

"Siye," alisema.

Wiki iliyofuata Tajudin alileta ya pili, yenye mataya mapana. "Siye." Akaleta ya tatu, akiwa ameikesha. Domitila aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu pia siye."

"Mama," Tajudin alisema, na maringo yote yalikuwa yamemwisha, "nionyeshe nilipokosea. Ni macho? Ni mdomo? Nitafuta sasa hivi mbele yako."

"Wewe chora tu, baba," Domitila alijibu, akatazama pembeni.

Mji mdogo hauna siri. Kwenye benchi la kahawa wenzake walianza kumtania kwamba Tajudin amekutana na marehemu mbishi. Alicheka nao, lakini kahawa aliiacha nusu. Mwezi wa nane ulikuwa umekwisha. Domitila sasa alishika ukuta akienda uani.

Milembe alishindwa kuvumilia. Alimkuta mama jikoni, ameinamia ungo wa mlenda, akichambua kwa vidole kuliko kwa macho.

"Mayu, unamchosha mzee wa watu. Mara tatu amekuja. Kama amekosea, si useme amekosea wapi? Muda wenyewe ndio huu unakwisha."

Vidole vilisimama. Domitila akazungumza Kisukuma, taratibu, bila kuinua kichwa.

"Sijui alikuwaje."

"Hujui nini?"

"Uso wake. Sijui." Alisukuma ungo kando. "Nilikaa na baba yako miaka ishirini. Bibi yangu alinifunza kwamba mke akimpelekea mume chakula anapiga magoti, na macho yanatazama bakuli. Akisemeshwa, anatazama chini. Baba yako alikula shikome, pale kwenye moto wa wanaume, na mimi nilimwona mgongo. Ndani mlikuwa giza, taa hatukuwa nayo. Nilichungulia, nani hachungulii? Lakini kuchungulia si kutazama. Hakuna aliyeniambia nimkariri. Nilidhani yupo siku zote."

Milembe alikaa chini kando yake.

"Nilifikiri fundi akiileta nitaijua," Domitila aliendelea. "Ya kwanza sikuijua. Ya pili sikuijua. Naona aibu, mwanangu. Mke gani hajui sura ya mume wake? Mwambie aache. Mwambie mama amechoka."

Usiku ule Milembe alijilaumu kwa ukali wake, na asubuhi alivuka barabara kwenda kwa Tajudin ili amalize jambo lile kwa heshima. Alimkuta anamchora mnunuzi mmoja wa pamba, anahangaika kupunguza kidevu cha pili kama alivyoombwa. Akamweleza yote, macho yake chini, akitarajia kwamba fundi atacheka.

"Kumbe si mkono wangu," Tajudin alisema kwanza, na uso ukamchangamka bila haya. Mtu ni mtu, na maringo hayafi siku moja. Kisha aliweka brashi kwenye kopo, akakaa juu ya kigoda cha wateja, mahali ambapo Milembe hakuwahi kumwona akikaa.

"Sasa alikuwa anamwona wapi?" aliuliza. "Mtu hawezi kuishi na mtu miaka ishirini asimwone mahali. Kamuulize hilo. Usimuulize alikuwaje. Muulize alimwona wapi."

Milembe alimuuliza mama jioni ileile, na safari hii jibu halikuchelewa hata kidogo.

"Akirudi," Domitila alisema. "Nilimwona akirudi."

Jumapili iliyofuata lori la Mwandu lilikuwa linakwenda kuchukua pamba upande wa Mwabundala, mahali palipoitwa kwa jina la babu, ambapo mji wa Mayala ulikuwa kabla ya operesheni. Domitila alikaa mbele na mkwewe, akiwa amegeuza uso dirishani kwa adabu ya mkwe. Milembe na Tajudin walipanda nyuma, fundi amekumbatia kalenda zake, kanzu imejaa vumbi, anauliza kila baada ya dakika tano kama wamefika. Alikuwa mtu wa mjini. Ng'ombe wengi aliowajua walikuwa wa buchani.

Walipofika palikuwa peupe. Shamba la kijiji lililolimwa kwa trekta pale juu ya mji wa zamani lilikuwa limeachwa, nalo limerudi kuwa majani. Ua wa minyaa uliouzunguka mji ulikuwa umeng'olewa. Hakuna ambacho Milembe angeweza kukionyesha kwa kidole na kusema hapa ni kwetu, na moyo ulimuuma kwa ajili ya mama. Lakini Domitila aliomba watafute jiwe bapa lenye mashimo matano ya kusagia mtama. Mwandu alilipata kwa miguu, limefunikwa na nyasi. Mama aliyapapasa mashimo moja baada ya jingine, akakaa juu ya jiwe, akageuka kuelekea magharibi.

"Hapa," alisema. "Mbele yako kuna mawe mawili makubwa yamesimama. Njia ya ng'ombe inapita katikati."

Tajudin aliangalia. Jiwe la kushoto lilikuwepo, refu, limesimama peke yake. Mahali pa jiwe la kulia palikuwa na mashimo na marundo ya kokoto, na wanawake wawili walikuwa wameketi wakigonga nyundo. Siku hizo kila mnunuzi alijenga ghala, na ghala lilitaka kokoto.

"La kulia halipo, mama," alisema kwa shida. "Wamelivunja. Imebaki sehemu ya chini tu."

Nyundo zilisikika, tik, tik.

"Basi chukua penseli yako," Domitila alisema. "Nitakueleza."

Na hapo ndipo fundi Tajudin alipofanya kazi ambayo aliizungumzia mpaka uzeeni, yeye aliyewadharau wachora miti. Alivua viatu, akakaa chini karibu na miguu ya Domitila, akamuuliza habari za jiwe kama alivyozoea kuuliza habari za wafu. Paji lake lilikuwaje? Lilitokeza, mvua ikinyesha mbuzi walijificha chini yake. Lilikuwa na tumbo? Lilikuwa nalo, upande wa njia, limelainika kwa kusuguliwa na ng'ombe miaka na miaka. Kovu? Ufa, kutoka juu hadi kiunoni, na ndani ya ufa mkuyu mdogo uliokataa kukua na kukataa kufa. Mama hakusita mara moja. Alijua kivuli cha jiwe lile kilipofika saa kumi kiangazi na kilipofika masika. Alijua mbuga ilivyojikunja nyuma yake, ua wa minyaa ulivyoanza pale na kumalizia pale, lango likiwa limeinama kidogo kwa sababu nguzo moja ililiwa na mchwa. Tajudin alichora, akafuta, akachora, akamwuliza tena, na mchwa wa nguzo ile nao hakuwaacha.

"Sasa niambie alivyorudi," alisema.

Domitila alikunja mikono mapajani. "Baada ya mavuno alikwenda na ng'ombe, Nassa au Kalemela, kwenye maji. Mawingu ya kwanza yakionekana, mimi nilianza kusimama hapa. Kwanza unaona vumbi. Halafu lile dume jekundu, lilitangulia siku zote. Halafu ng'ombe wanamiminika. Yeye mwisho, maana mchungaji hukaa nyuma. Fimbo mabegani, mikono ameining'iniza juu yake, na mguu wa kushoto unatupwa nje, alikanyagwa na ng'ombe ujanani." Alinyoosha kidole magharibi. "Akiwa pale kati ya mawe, mdogo kama punje ya mtama, nilimtazama nilivyotaka. Nilimtazama mpaka nikashiba. Hakuna aliyeniona. Akishafika kwenye minyaa, nilishusha macho."

Milembe alikuwa hajawahi kumsikia mama akisema maneno mengi namna ile.

"Mwaka wa mwisho walikuja. Vumbi, dume, ng'ombe wote. Nikamwona wa nyuma anatokeza, fimbo mabegani. Miguu yake yote miwili ilikuwa mizima. Alikuwa Maganga. Sikungoja anifikie anieleze."

"Ukajua," Tajudin alisema.

"Nilijua. Lakini miaka minne nilisimama hapa kila mawingu yakija. Kujua nilijua, fundi. Ila macho yalikuwa yamezoea."

Ndipo Milembe alipoelewa kwa nini mwanamke yule alikaa mlangoni siku ya operesheni mpaka akaezuliwa paa. Alikumbuka vicheko vyote vya nyumbani juu ya kichwa kigumu cha mayu, vingine vikiwa vyake mwenyewe, na aliona aibu hata akashindwa kumtazama. Alikwenda akakaa kwenye jiwe, ubavuni mwa mama, na walikaa hivyo hadi Mwandu alipopiga honi.

Siku tisa baadaye Tajudin alikuja nyumbani na ile kalenda. Alikuwa ameisafisha, amekoza vivuli, ameweka nyasi za kiangazi kwa mistari myembamba. Mawe yote mawili yalikuwepo. Alieleza kwamba sasa ataihamishia kwenye hadibodi kwa rangi za mafuta, anga la buluu, majani ya kijani kidogo.

"Rangi za nini?" Domitila alisema. "Kule kiangazi hakina rangi." Alikuwa ameisogeza karatasi hadi kwenye kope, anaisoma kipande kwa kipande. Alipita kwenye lango, akapita kwenye ufa na mkuyu wake, kisha alisimama. "Mbona hajatokeza?"

"Sikujua nimweke wapi, mama. Sijawahi kumchora mtu nisiyemjua uso."

Domitila alipapasa mpaka akaushika mkono wa fundi, mwanaume wa watu, bila haya yoyote, akauongoza juu ya karatasi. "Hapa. Mdogo. Mdogo zaidi ya hapo."

Tajudin alichonga penseli kwa wembe mpaka ncha ikawa sindano. Akaweka kijistari cha fimbo, kingine cha kiwiliwili.

"Mguu wa kushoto utoe nje."

Akautoa nje. Ilikuwa mikwaruzo minne mitano, si zaidi, kutoka kwa mkono uliochora nyuso za nusu ya Usukuma. Domitila aliichukua karatasi, akaisogeza jichoni. Milembe alisimama mlangoni akingoja lile neno, siye. Nje kuku waliparua, muuza mafuta ya taa akapita akiita wateja, na mama bado ametazama.

"Ndiye," alisema.

Milembe aliinama juu ya bega lake, naye akamwona baba yake kwa mara ya kwanza, mtu wa ukubwa wa punje, hana pua wala macho, anachechemea kuja nyumbani. Alilia kama mtoto wa miaka minne, na hakuna aliyemnyamazisha. Tajudin alikusanya penseli zake akaaga haraka, akidai ana mteja.

Tangu siku ile Domitila alikaa uani kila asubuhi, mwanga ukiwa mkali, na ile karatasi usoni. Hakuzungumza nayo wala hakuibusu. Alitazama tu. Mwezi wa kumi ukapita. Karatasi ilizidi kusogea karibu, mwisho ikawa inamgusa kope. Mawingu ya kwanza yalijikusanya upande wa ziwa, na asubuhi moja Milembe alimkuta mama ameiweka karatasi mapajani, amefumba macho, uso umeinamishwa.

"Ichukue ukaiweke vizuri," Domitila alisema. "Sioni tena."

Milembe alipiga magoti, akaanza kulia. Mama alimpapasa kichwa, akamshika sikio kidogo, kama zamani alipokuwa akimkanya.

"Usilie wewe. Ameshafika kwenye minyaa. Tangu hapo nilikuwa simtazami hata hivyo." Akasikiliza kidogo, uso bado chini, kama mke aliyefunzwa vizuri. "Nenda ukainjike maji. Ametembea mbali, atataka kuoga."

Milembe alijifuta kwa upindo wa kanga, akaingia jikoni, akajaza sufuria kubwa, akaipandisha mafigani.